MAMA NDEGE USIMCHUKUE

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Yoshua 17:14-18, 2 Wafalme 6:1-7, 2 Samweli 23:15-17



Neno hili nililisema mbele ya waaminifu wa parokia yetu, na wazee wakaniomba niliandike katika karatasi hii ili wale ambao hawakuwa pale walisome. Mimi si mtaalamu wa misitu, wala si mwanasheria. Mimi ni shemasi. Lakini jambo lilitokea ndani ya nyumba ya Mungu, na shemasi hawezi kulikimbia.

1. Magunia sita

Mnajua kwamba nyumba yetu ya sala haijapata mabati yote. Upande wa nyuma bado ni hema, na mvua ikinyesha mama wanasogea mbele na watoto wao. Siku ile ya nsinsani kila kundi lilileta nguvu yake. Mama walileta maharagi na ndizi. Watu wa fanfari walileta franga. Halafu vijana wakaingia wakisukuma chukudu mbili, na juu yake magunia sita ya makala, yamefungwa vizuri kwa majani. Watu wakapiga mikono, mama wakapiga vigelegele. Mkubwa wa vijana akasema: «Sisi hatuna kazi, na udongo wa kulima hatuna. Hili ndilo jasho letu. Muuze, mnunue mabati.»

Kabla hatujaombea matoleo, ndugu mmoja akasimama. Wote tunamjua, ni mlinzi wa Parke. Akasema kwa sauti ya chini: «Papa Shemasi, makala haya najua yalitoka wapi. Kule ndiko mwenzangu alipigwa risasi. Kama mabati yatanunuliwa kwa feza hii, mimi nitasali nje.» Akakaa.

Ndipo mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, akasimama naye. Akasema: «Papa, jana jioni nyumbani kwako mlipikia nini? Bibi yako alinunua makala kwangu.»

Hakuna aliyecheka. Tuliimba wimbo, tukapiga magoti, tukaomba, tukaenda. Magunia yakabaki pembeni ya ukuta juma tatu.

Wapendwa, mlinzi alisema kweli. Mama naye alisema kweli. Na kijana aliyesema hana udongo hakudanganya. Kweli tatu zikigombana ndani ya nyumba moja, mtu asikimbilie kutoa hukumu. Tufungue Maandiko.

2. Msitu huu ulitengwa namna gani

Parke ya Virunga iliwekwa tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 1925, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Ilipewa jina la Mfalme wao, Albert wa Kwanza. Mipaka yake ilipanuliwa mwaka 1929 na tena mwaka 1935. Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 7,800 hivi, kuanzia volkano zilizo juu ya Goma mpaka kwenye barafu ya Ruwenzori upande wa Beni.

Sisi tukisikia jina la Albert, tunakumbuka jambo lingine. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 1921, mahakama ya askari ilimkatia Papa Simon Kimbangu hukumu ya kifo. Mfalme huyo huyo akaigeuza kuwa kifungo cha maisha. Papa Simon alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipokufa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Nkamba hakuiona tena. Na waaminifu wake wengi, pamoja na jamaa zao, waliondolewa kwenye udongo wao wakapelekwa mbali, mahali wasipojua lugha wala miti. Basi kati ya makanisa yote, sisi hatuna ruhusa ya kumcheka mtu anayelia kwamba babu yake aliondolewa mahali pake. Tunajua uchungu huo kwa jina lake.

Jamaa nyingi kandokando ya Parke zinasema mpaka leo kwamba wazee wao walisogezwa bila malipo ya haki. Na kusini kwetu, katika Parke ya Kahuzi-Biega iliyowekwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Batwa waliondolewa msituni bila kupewa shamba wala kijiji. Walikuwa watu wa msitu, wakawa watu wa kuomba kazi katika mashamba ya wengine. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki zao, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Walingoja karibu miaka 50 kusikia neno hilo.

Biblia inajua mambo hayo. Katika 1 Wafalme 21, Mfalme Ahabu alitamani shamba la Nabothi, na Nabothi akauawa kwa ajili ya udongo wake. Mungu hakunyamaza. Alimtuma Eliya amuulize mfalme juu ya damu na juu ya shamba pia. Ahabu alipotumia jina la kazi nzuri, zambi haikupungua hata kidogo.

Lakini vijana, sikilizeni mpaka mwisho. Wengine wanasema: «Basi Parke ni shamba la Nabothi. Twende tuikate, ni yetu.» Someni tena. Ni nani aliyetaka kung'oa mizabibu ili apande mboga? Alikuwa Ahabu. Nabothi alilipenda shamba lile kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na alitaka watoto wake walikute limesimama. Mtu anayesema «udongo huu ni wa babu yangu» hauchomi. Kama ni wa babu, basi ni wa mjukuu pia.

3. Mama ndege

Sasa tusome Kumbukumbu la Torati 22, mistari ya 6 na 7. Musa anasema juu ya mtu anayetembea njiani akakuta kiota, juu ya mti au chini, na mama ndege amelalia mayai au vitoto. Mtu yule anaruhusiwa kuchukua vitoto. Lakini mama asimchukue, amwache aende zake. Na Mungu anaweka ahadi: ukifanya hivyo utapata heri na siku zako zitakuwa nyingi. Angalieni, wapendwa. Ni ahadi ile ile aliyopewa mtu anayeheshimu baba na mama yake. Mungu ameweka kiota cha ndege karibu na kiti cha mzazi.

Mungu hakusema: kufa njaa, usiguse kiota. Yeye anajua tumbo la mtu, ndiye aliyeliumba. Anayemwambia masikini «usiguse kitu chochote, rudi nyumbani ulale», huyo ameongeza neno juu ya neno la Mungu. Lakini pia hakusema: chukua vyote, mama na mayai na kiota, choma na mti wenyewe. Anayefanya hivyo atakula siku moja tu. Kesho hatakuwa na yai, na kesho kutwa mtoto wake atauliza: Baba, ndege ni nini?

Twende kwenye Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 viboko kule walikuwa zaidi ya 25,000. Walipigwa risasi na askari, na vikundi vya silaha, na watu wa kuuza nyama na meno, mpaka ikafika karibu mwaka 2005, wakabaki chini ya 1,000. Wengi walifikiri: ni hasara ya wazungu wa kutalii, sisi inatuhusu nini? Lakini kiboko anakula majani usiku nchi kavu, na mchana anaacha mavi yake majini. Mavi yale yanalisha vijani vidogo vya maji, na tilapia anakula humo. Kiboko alipokwisha, mvuvi alipoteza mtumishi aliyekuwa akimlimia ziwa bila mshahara. Ongeza juu yake nyavu za matundu madogo zinazokamata samaki ambaye hajazaa hata mara moja. Waulizeni watu wa Vitshumbi na Kyavinyonge. Mama ndege amechukuliwa, sasa wanatafuta mayai.

Kuna mfano mwingine, huu wa kutia moyo. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013, na kule Matebe karibu na Rutshuru, mwaka 2015, zilifunguliwa mashine za umeme zinazozungushwa na maji yanayotoka upande wa Parke. Maji yanashuka, yanaingia kwenye mashine, yanaizungusha, yanarudi mtoni. Umeme umepatikana, na mto haukupungua. Hapo mtu amechukua yai na mama amebaki kwenye kiota. Kule Mutwanga umeme ule ulileta hata kiwanda cha sabuni. Hayo ndiyo maendeleo tunayoyaombea: mtu apate, na kitu kibaki.

Lakini nisidanganye mtu. Waya unapita juu ya nyumba nyingi ambazo taa haijawaka, kwa sababu mwenye nyumba hana franga za kuuunga. Yeye bado anapika kwa makala. Umeme unaopita juu ya kichwa cha masikini haujawa maendeleo yake bado.

4. Vijana walinipa Yoshua 17

Katika juma zile tatu, vijana walikuja kwangu na Biblia. Nilifurahi, hata kama walikuja kunishinda. Wakanisomea Yoshua 17. Wana wa Yusufu walilalamika: sisi ni wengi, na sehemu tuliyopewa ni ndogo. Yoshua akawajibu wapande msituni, wafyeke, wapate nafasi. «Papa Shemasi,» wakasema, «si hivyo? Mtu wa Mungu mwenyewe aliwaambia wakate msitu.»

Nikawaambia: Ndiyo, imeandikwa, na mimi sitaifuta. Lakini tusome habari yote. Kwa nini wana wa Yusufu walibanwa? Wanasema wenyewe: kule bondeni, kwenye udongo mzuri, wanakaa Wakanaani wenye magari ya chuma. Waliogopa chuma. Nafasi ilikuwepo chini, lakini wenye nguvu waliishika. Na Yoshua hakuishia kwenye msitu. Aliwaambia pia kwamba wenye magari ya chuma hawatawazuia siku zote.

Vijana wakanyamaza, kwa sababu walijiona ndani ya mistari ile. Kwa nini kijana wa kwetu anapanda kwenye volkano usiku kukata mti? Kwa sababu bondeni kilima kizima ni cha mtu mmoja, anakaa mjini, na ng'ombe zake zinalala mahali jamaa 100 zingelima maharagi. Ni rahisi kuiba kwa msitu, msitu haupigi kelele. Kumwambia mkubwa «gawa udongo» ni vigumu. Kwa hiyo wanyonge wanakula kile ambacho hakiwezi kujitetea, na wakubwa wanaangalia tu, tena wengine wananunua makala yenyewe.

Wakati wa Yoshua msitu ulikuwa mwingi na watu wachache. Kwetu leo watu ni wengi, na msitu ni kile kilichobaki. Mkiumaliza, mtapata mashamba miaka mingapi? Halafu mtapanda wapi tena? Wale wa bondeni bado watakuwa bondeni. Sisi hatuna magari ya chuma na hatuyatafuti. Kanisa letu halibebi silaha. Papa Simon hakubeba bunduki, na alishikwa bila kupigana. Lakini hatukukatazwa kusema. Katika Walawi 25 Mungu anasema udongo ni wake na sisi ni wageni kwake. Basi mwenye hati ya kilima kizima naye ni mgeni tu, na ukitaka kumwambia mgeni asogee kidogo kwenye mkeka, si zambi.

5. Shoka la kuazima

Nina habari yangu mwenyewe ya kutubu, na niliisema mbele ya wote.

Mwezi wa 7 mwaka 1994 mimi nilikuwa kijana wa miaka 14. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na pembeni yake, watu zaidi ya 700,000. Kambi za Katale, Kahindo, Kibumba na Mugunga zilikuwa pembeni ya Parke au karibu yake, na kila chungu kilitaka kuni. Kila asubuhi watu kama siafu waliingia msituni na kila jioni walitoka wamebeba. Mwaka ule ule Virunga iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio katika hatari. Mimi na rafiki zangu tuliona biashara. Tulichukua shoka la mjomba, tukakata, tukauza kuni kwa wakimbizi. Kwa feza ile nilinunua viatu na nikalipa masomo ya muhula mmoja. Nasoma na kuandika leo kwa sehemu kwa mti wa Mungu niliouangusha. Shoka lile lilipotea porini. Mjomba aliuliza, nikasema sijui.

Ndiyo maana ninapenda habari ya 2 Wafalme 6. Wana wa manabii walimwambia Elisha: mahali tunapokaa ni padogo, twende Yordani, kila mtu akate mti mmoja, tujenge. Elisha akakubali, akaenda nao. Mungu hachukii nyumba kubwa. Lakini mmoja alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikaanguka majini. Alilia. Hakulia kwa sababu kazi imesimama. Alilia kwa sababu shoka halikuwa lake, aliliazima.

Hicho ndicho kilio ninachokiomba kwa kanisa letu. Walikuwa wakijenga kwa ajili ya Mungu, lakini yule mtu hakusema: kazi ni ya Mungu, basi shoka likipotea si kitu. Alijua ana deni. Udongo tuliuazima kwa watoto. Msitu tuliuazima. Hata kama tunajenga nyumba ya sala, deni ni deni. Na angalieni kipimo chao: kila mtu mti mmoja. Hakuna aliyesema kila mtu lori moja.

Tulipofika mwaka 2022 na 2023, vita vilijaza tena kambi pembeni ya Goma, kule Kanyaruchinya na Bulengo. Nikaona mama wakiingia porini kutafuta kuni kama mwaka 1994. Wengine walikutana kule na watu wenye silaha, na mambo yaliyowapata siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma. Nikasema moyoni: miaka 30, na bado chungu cha masikini kinasimama juu ya mafiga matatu, msitu na vita na aibu. Mama wale sikuwahukumu. Nilijihukumu mimi, niliyekuwa na viatu.

6. Maji ya Betelehemu

Basi tuliyafanya nini magunia sita?

Wengine walisema: tuyauze, Mungu anaona moyo. Wengine walisema: tuyachome mbele ya kanisa, iwe mfano. Mzee mmoja akafungua 2 Samweli 23. Daudi alikuwa na kiu, akatamani maji ya kisima cha Betelehemu, na adui walikuwa wamekizunguka. Mashujaa watatu wakapita katikati ya adui, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele ya Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Mzee akauliza: Makala haya yana damu ya nani?

Tukahesabu. Walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka hii ya vita. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 na dereva wao siku moja. Lakini pamoja nao walikufa raia wanne waliokuwa wakipita njiani. Damu ya mlinzi na damu ya raia zilimwagika kwenye udongo mmoja, na Mungu hakuzitenga. Tukahesabu pia vijana waliokwenda kukata na hawakurudi. Tukahesabu kodi ambayo watu wa silaha wanaitoza juu ya gunia, na risasi zinazonunuliwa kwa kodi ile, na vijiji vinavyochomwa kwa risasi zile. Mama anayelipa bei ya gunia sokoni analipa, bila kujua, bei ya vita vinavyomkimbiza.

Mwezi wa 7 mwaka 2007, gorila wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi. Hawakuliwa, hawakuuzwa. Picha zao zilizunguka dunia yote. Watu wa kwetu walisema kwa uchungu: sisi tunakufa kila siku, nani anapiga picha? Neno hilo lina haki yake. Lakini mkono uliowaua ulikuwa mkono ule ule wa silaha unaotuua sisi. Kanisa letu limekataza nyama ya nyani tangu zamani, mtoto mdogo anajua. Hatukungoja mgeni kuja kutufundisha. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilipata gorila wa milimani 604 katika milima ya Virunga, Congo, Rwanda na Uganda pamoja, na walikuwa wameongezeka. Kumbe kitu kikilindwa hata katikati ya vita kinaweza kuzaa tena. Kama ni hivyo kwa gorila, je, Mungu ameshindwa na sisi?

Mwisho wazee waliamua hivi. Makala hayatanunua mabati. Lakini hatutayachoma mbele ya vijana, kwa sababu jasho lao lilikuwa la kweli na walitoa kwa mapendo. Kumwaga kwa Daudi hakukuwa kuwatukana mashujaa. Kulikuwa kuwaheshimu kuliko maji. Basi magunia yaliuzwa, na feza yote ikanunua mbegu na vifuko vya kupandia miti, karatusi na gerevilea, ili tuwe na kuni zetu. Shamba la parokia liligawanywa, nusu kwa mboga za mama, nusu kwa miti, na kazi ikapewa vijana wale wale sita waliosukuma chukudu. Mavuno ya miti yatakuwa nusu yao, nusu ya kanisa.

Mama mjane yule yuko katika kamati. Na mlinzi hakusali nje. Siku ya kuweka mbegu udongoni alikuja bila kofia na bila viatu, akajaza vifuko pamoja na vijana. Hawakusema mengi.

Hema bado iko nyuma ya kanisa. Mvua ya msimu huu itatunyeshea. Nalisema wazi ili mtu asifikiri kwamba kutii ni bure.

7. Mapendo, Amri na Kazi

Wapendwa, neno la kanisa letu mnalijua: Mapendo, Amri na Kazi. Nawaomba tulishike katika jambo hili kwa utaratibu wake.

Mapendo kwanza. Usimwite mkata makala mwizi kabla hujauliza watoto wake walikula nini. Usimwite mlinzi adui, naye ana mama na bibi. Mama anayeuza makala sokoni, usimdharau huku ukinunua kwake.

Amri ya pili. Mama ndege usimchukue. Usikate mti mbichi msituni, usichome nyasi kwa kuwinda, usivue samaki mtoto. Usinunue nyama ya porini, hata kama ni rahisi. Na wewe unayeshika udongo mkubwa kuliko mikono yako, amri ni yako pia. Kama katika parokia yetu kuna ndugu mwenye shamba linalolala, amwazime kijana kipande, mbele ya wazee, kwa karatasi, kwa miaka inayotosha mti kukua. Usimwambie kijana «ogopa Mungu, acha msitu» na huku shamba lako linaota magugu.

Kazi ya tatu. Mti wa karatusi unakatwa baada ya miaka michache na unachipuka tena kwenye kisiki. Tangu mwaka 2007 wakulima wengi wa Kivu ya Kaskazini walipanda miti ya makala katika mradi ulioitwa EcoMakala, na walionyesha kwamba makala yanaweza kutoka shambani, si lazima msituni. Usiipande karibu na kisima, inakunywa maji mengi. Panda gerevilea kwenye mpaka wa shamba, haigombani na maharagi. Tengeneza ziko la udongo linalobana moto, gunia lidumu. Hizi si siri za watu wa miradi. Ni kazi, na kazi ni sala ya mikono.

Na wakubwa wa nchi, kama karatasi hii itawafikia, tunawaambia kwa heshima: msituwekee mpaka bila kutupa mlango. Mlinde msitu, ndiyo, tutawasaidia. Lakini pale msitu unapoleta franga, kijiji kione. Pale waya unapopita, masikini aungwe. Pale Batwa walipoondolewa, haki irudi. Na pale watu wa silaha wanapokula juu ya gunia, musimshike kijana wa chukudu peke yake na kumwacha mwenye bunduki.

Wapendwa, Elisha alikata kijiti, akakitupa majini, na chuma kikaelea. Shoka lilirudi kwa mwenyewe. Mimi la mjomba sikulirudisha, na yeye amekwisha kufa. Nimenunua shoka jipya nikawapa watoto wake mwaka huu, wakashangaa. Nikawaambia: ni deni la mwaka 1994. Wakalipeleka kwenye shamba lao la karatusi.

Tupige magoti. Ee Mungu Baba, udongo ni wako na sisi ni wageni. Utusamehe kwa miti tuliyoangusha na kwa watu tuliowafukuza. Uwape vijana wetu mahali pa kuweka jembe. Uwalinde walio msituni, mwenye kofia na asiye na kofia, warudi wote nyumbani jioni. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Shemasi wenu,
Kivu ya Kaskazini